Mlango Niliouacha Wazi Nkololo

Nilipokabidhi ofisi mwezi wa sita, vijana walionipokea walihesabu kompyuta, ruta za akiba, maboksi ya waya na koleo ya kubania vichwa vya waya. Wakanisainisha. Hakuna aliyehesabu madaftari. Yako saba, ya jalada gumu, kwenye droo ya chini ya meza iliyo dirishani. Droo hiyo inagoma. Ivute huku unainyanyua. Naandika haya ili mjue namna ya kuyasoma, na pia kwa sababu katika daftari la saba kuna neno moja nililolikata kwa wino mwekundu. Sitaki mje mkisie kwa nini.

Habari za vyeo sitaziandika. Ziko kwenye faili langu masjala, na faili hilo limewahi kupotea mara mbili na kupatikana mara mbili, kwa hiyo nadhani sasa limezoea.

Ufundi niliuanzia Lalago, nyumbani, miaka mingi kabla sijagusa kompyuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba aliyasoma, akayakunja, akanionyesha shamba la pamba. Nililima msimu mmoja. Msimu wa pili nikaenda kukaa kwa Mzee Shija, fundi redio aliyekuwa na kibanda karibu na gulio. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa kigoda akaniambia nisikilize. Akaja bwana mmoja na redio inayokoroma, akaiweka mezani. Mzee Shija hakuigusa.

"Imeanza lini?"

"Juzi, fundi."

"Juzi kulikuwa na nini nyumbani?"

"Hakuna kitu. Kazi tu."

"Nani alikuja?"

"Shemeji yangu alikuja kutoka Bukundi."

"Mikono mitupu?"

"Ha! Shemeji yangu? Alileta asali, dumu zima."

"Ukaliweka wapi?"

"Juu ya meza."

"Na redio inakaa wapi?"

Yule bwana akaanza kucheka. "Wewe ni fundi au mganga?"

Tulipofungua mfuniko wa nyuma, sisimizi walikuwa wamejaa mpaka kwenye spika. Ilikuwa kazi ya brashi ya dakika kumi. Jioni, tukifunga kibanda, Mzee Shija aliniambia kwamba kifaa kilichokuwa kizima jana na leo ni kibovu, basi kuna kitu kimeingia ndani ya nyumba au kimetoka. "Muulize mwenye nyumba," alisema. "Yeye anakijua, ila hajui kwamba anakijua." Nilikaa naye miaka minne nikiyasikia maneno hayo karibu kila siku. Niliamini kwamba nimeyashika. Mtaona.

Bariadi nilikuja kama mhudumu wa ofisi ya serikali. Nilipeleka barua, nilichemsha chai, nilifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilikaa ndani ya boksi lake kwa miezi kadhaa, kwa sababu kila mkubwa aliogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Nikaomba ruhusa ya kuifungua. Mkubwa wangu alikubali haraka mno, nikaelewa baadaye kwamba amepata mtu wa kulaumu. Siku hiyo nilibonyeza kitufe cha skrini, taa ikawaka, hakuna kilichotokea, nikaandika kwenye karatasi: "Imekufa." Kumbe sanduku lenyewe lina kitufe chake. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yangu ya kwanza ya kiufundi, na ilikuwa na kosa.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku, wakati wa chai. Sikusoma chuo chochote cha kompyuta. Nilichosoma ni vile vitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, ambavyo watu huvitupa pamoja na maboya meupe ya kuzuia kifaa kisigonge. Vijana, msivitupe.

Madaftari niliyaanza mwaka wa pili, baada ya kutengeneza printa moja mara tatu kwa namna ileile bila kukumbuka. Kila ukurasa una safu tano: tarehe, kifaa, malalamiko, kilichojaribiwa, sababu. Safu ya tano ndiyo yenye thamani. Na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli, niseme kwamba kuna neno mtakaloliona mara nyingi sana katika safu hiyo: "Mtumiaji." Maana yake ni kwamba kifaa ni kizima, mwenye kifaa ndiye aliyekosea. Mara nyingi ilikuwa kweli. Mwalimu mkuu mmoja alisafiri kutoka Meatu na laptop isiyoona waifai yoyote, na ubavuni kulikuwa na swichi ndogo, pana kama punje ya mchele, iliyosukumwa nyuma na mkoba. Niliisukuma mbele. Alinitazama, akaitazama swichi, akasema, "Nimepanda basi kwa ajili ya hiki?" Laptop nyingine ilikuwa imeshika mtandao vizuri ila kila ukurasa ulikataa kufunguka; saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi baada ya betri ndogo ya ndani kuisha. Kompyuta inayoishi mwaka wa zamani haiaminiwi na tovuti za leo. Hilo halikuwa kosa la mtu, lakini nikichungulia safu ya tano naona niliandika "Mtumiaji" hata pale. Ni neno tamu kwa fundi. Linamruhusu kwenda kunywa chai.

Laptop ikigoma kushika waifai ya nyumbani, utaratibu wangu haukubadilika kwa miaka mingi, na bado nausimamia. Kwanza natazama kama kuna kifaa kingine ndani ya nyumba hiyo kinachoshika. Simu zikishika na laptop ikikataa, shida iko kwenye laptop; vyote vikikataa, niende kwenye ruta au kwenye waya unaotoka nje. Kisha natazama kama laptop inaliona jina la mtandao. Isipoliona, natafuta swichi, au alama ya ndege iliyobonyezwa bila kukusudia. Ikiliona na kukataa kuingia, naiambia isahau mtandao huo kabisa, naandika paswedi upya, herufi moja moja, bila haraka. Ikiingia lakini haifungui kitu, naangalia saa na tarehe, kisha nahakikisha inajipatia anwani yenyewe kutoka kwenye ruta. Ruta naichomoa, nahesabu hadi thelathini, naichomeka. Hadi thelathini kwa kweli, si kwa kasi ya mtu anayedaiwa. Na ikiwa inashika na kukatika, kushika na kukatika, hapo natafuta draiva mpya, ile programu inayoiendesha waifai ya laptop, nazima ile tabia ya laptop kubana umeme wa waifai ili kutunza betri, na nabadilisha chaneli ya ruta. Utaratibu huu ni mzuri. Una upungufu mmoja, na upungufu huo niliujua mwaka jana, nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu.

Mwaka jana, msimu wa pamba ukiwa umeisha, alikuja ofisini Minza, muuguzi mkunga wa kituo kimoja cha afya upande wa Nkololo. Laptop ilikuwa ya kituo, hivyo ilikuwa halali yangu. Alikuwa amesoma shahada kwa masafa kwa miaka minne, usiku wa zamu na siku za mapumziko, na utafiti wake ulihusu kwa nini akina mama wa vijijini huchelewa kufika kujifungulia kituoni. Sasa alitakiwa kuutetea mbele ya walimu wa chuo kwa njia ya video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ina nini?"

"Inashika, inaachia. Inashika, inaachia. Nikiongea na walimu nabaki naongea na ukuta."

Ofisini ilishika saa nzima bila kukohoa. Nilimshauri aje autetee utafiti wake hapo hapo Bariadi, nimpe chumba. Alitikisa kichwa. Mkunga mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, hivyo yeye hawezi kwenda mbali na kituo, anaweza kuitwa wakati wowote. Kituoni kwenyewe hakuna chumba kisicho na mgonjwa. Intaneti ya simu pale kwao inapatikana ukiwa uani, ukiingia ndani inafifia. Ndiyo sababu alikuwa amefungiwa antena juu ya paa na waya kushuka hadi kwenye ruta sebuleni. Basi nikaenda nyumbani kwake.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, paa la bati, haina dari. Sebule iko mbele, kisha kuna korido nyembamba, na mwisho wake, mkono wa kulia, ni mlango wa chumba cha Minza. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya pamba, ndiyo maana mlango wake ni wa chuma. Mumewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Aliyenipokea ni mama mkwe wake, Mayu Holo, yaani Mama Holo kwetu Wasukuma, mwanamke mwenye umri wa mama yangu na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Wewe ndiye fundi? Kitambo chenu hiki kinaumwa. Kimeanza kuumwa wiki ileile tulipouza pamba."

Kitambo, yaani mtambo mdogo, ndilo jina alilolipa laptop. Nilitabasamu. Nilidhani anaelekea kuniambia habari za majirani na macho yao mabaya, na sikuwa na safu ya jambo hilo. Nilipita kwenye korido, nikaona pazia la maua refu kwenye ukuta wa kulia, nikadhani linaziba mlango wa chumba kingine. Nikaingia chumbani kwa Minza, nikaufungua mlango hadi mwisho na kuuegemeza ukutani kwa kiti. Kwetu mwanaume mgeni haingii chumba cha mke wa mtu mlango ukafungwa, hata kama amebeba ruta mkononi. Mayu Holo alileta kigoda chake akaketi koridoni, mahali anapoona kila kitu, akawa anachambua mchicha. Ni adabu ya kawaida.

Nilipima kila kitu kwa utaratibu wangu. Laptop ilishika vizuri. Nikaacha video ikicheza dakika arobaini, haikukatika. Nikamuuliza Minza kama huwa anafungua programu nyingi kwa pamoja. Akasema labda. Nikamwambia azifunge, asihamehame na laptop. Kesho yake niliandika katika safu ya tano: "Mtumiaji."

Wiki iliyofuata alinipigia simu mchana. Hakusalimia, nikajua.

"Baba, nimekatika mara tatu mbele ya walimu. Mara ya tatu sikurudi tena."

Aliniambia yaliyobaki kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia. Walimu wamempa nafasi moja tu nyingine, siku kumi mbele. Ikishindikana, atasubiri mwaka mzima pamoja na kundi linalofuata, na ruhusa yake ya masomo kazini ilikuwa inaisha mwezi huo. Kwa hiyo huo mwaka mwingine haukuwapo. Na walikuwa wamelalamikia kelele: jirani kabisa na nyumba, upande wa sebule, kuna mashine ya kusaga ya Masanja. Wakamtaka siku hiyo akae chumba kilichofungwa.

"Lakini nilikuwa chumbani, baba. Nilifunga programu zote kama ulivyosema. Sikuhamahama."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma. Alikuwa ametii kila nilichomwambia, nami nilikwisha kumwandika kuwa ndiye sababu.

Siku yenyewe nilifika saa tatu asubuhi. Mtihani wake ulikuwa saa nane mchana. Nilikuja na waya mrefu wa mtandao ili nimuunganishe moja kwa moja na ruta, nikakuta laptop ile ni miongoni mwa zile nyembamba za siku hizi zisizo na tundu la waya. Kosa langu, nilikuwa nimeishika mikononi mara mbili na sikuliangalia hilo. Kuisogeza ruta nako hakukuwezekana: aliyefunga antena aliukata waya kwa kipimo, haukuwa na ziada hata ya kiganja. Nikaweka draiva mpya. Nikabadilisha chaneli. Nikampigia Minza video kutoka simu yangu, mimi nikiwa uani, yeye chumbani, tukaiacha wazi. Saa nzima ilipita. Picha ilikuwa safi kama ya televisheni. Mlango, bila shaka, ulikuwa umeegemezwa kwa kiti, na Mayu Holo kwenye kigoda chake.

"Sasa kimepona?" aliniuliza.

"Kimepona, mayu."

"Hata juzi ulisema kimepona."

Ilipokaribia saa saba umeme wa Masanja, ulio kwenye laini yake mwenyewe, ulirudi, mashine ikaanza kunguruma. Nikamwona Minza kwenye simu yangu akikunja uso, akainuka, akatoa kiti, akafunga mlango. Akarudi kuketi. Akafungua mdomo aseme kitu, na hapo hapo akaganda, mdomo wazi. Kisha picha ikapotea.

Niliingia ndani kwa mbio zisizo za umri wangu. "Minza! Fungua mlango."

Akafungua. Picha ikarudi.

"Funga."

Ikapotea.

"Fungua."

Ikarudi.

"Fundi," Mayu Holo alisema, "umekuja kutengeneza kitambo au kucheza na mlango?"

Mlango wa chuma unazuia mawimbi ya waifai, hilo nalijua tangu zamani. Lakini mlango ule ulikuwapo miaka yote, na Minza alisoma ndani ya chumba kile mlango ukiwa umefungwa, na mtandao ulimfuata ukipitia ukutani. Matofali yanaupunguza, hayauui. Kwa hiyo ukuta ulikuwa umebadilika. Nikasimama koridoni nikiutazama ukuta wa kulia, yaani lile pazia la maua.

"Mayu, nyuma ya pazia hili kuna chumba gani?"

"Hakuna chumba."

"Kuna nini?"

"Kuna pazia."

Nikaligonga kwa vifundo vya vidole. Lililia kama paa mvua ya mawe inapoanza. Mayu Holo akainua macho kutazama dari, na nyumba ile haikuwa na dari.

"Mabati," nikasema.

"Unauliza kama fundi au kama jirani?"

"Kama fundi."

"Bati thelathini na mbili."

Yalikuwa yamesimamishwa wima, mengine yakipishana, kutoka kona ya sebule hadi ukingo wa mlango wa Minza. Ukuta mzima wa chuma. Ukiongeza mlango wa chuma, chumba kile kilikuwa sanduku, na mtandao ulikuwa umebakiwa na njia moja tu ya kuingia: ile niliyokuwa naiegemeza kwa kiti kila nilipopima.

"Yalinunuliwa lini, mayu?"

"Nilikwambia!" Aliinuka kwenye kigoda. "Nilikwambia hapa hapa! Tulipouza pamba. Ukatabasamu kama padri."

Nikatazama simu. Saa ilikuwa saba na robo.

Mabati hayo yalikuwa ya nyumba yake mwenyewe, ile ya nyuma, ambayo bado ilikuwa ya nyasi. Alikuwa akiyangoja miaka. Na aliyaficha nyuma ya pazia kwa sababu aliamini jambo moja bila mashaka: bati likionekana na watu kabla halijapanda juu, halipandi. Litaibwa, au mtu wa nyumbani ataugua na liuzwe, au litatokea lolote. Sikubishana naye. Nilimweleza tu, polepole, kwamba yanatakiwa yatoke pale kwa muda wa saa moja. Kuyalaza koridoni haiwezekani, korido ni nyembamba kuliko bati. Sebuleni kuna makochi, meza na kabati. Mlango wa nyuma una kona, bati refu halikati kona. Ilibaki mlango wa mbele, na mlango wa mbele unatazama mashine ya Masanja, ambako nusu ya kitongoji ilikuwa kwenye foleni na ndoo za mahindi.

Minza alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, shati la kazi juu, kanga chini. "Acha, baba," alisema. "Mayu, acha. Nitaacha mlango wazi, nitawaambia wavumilie kelele."

"Walivumilia siku ile?" Mayu Holo alimuuliza.

Minza akakaza kanga kiunoni.

Mayu Holo alilifuata pazia. Kisha akalishika kwa mikono miwili akalishusha lote, kamba na misumari.

"Toeni," alisema.

Minza aliposhika bati la kwanza nilimkataza, nikamwambia akajiandae. Nikatoka kwenda kwa Masanja kuomba watu. Hakuuliza mengi, alizima mashine, akaja na akina mama wanne na kijana mmoja mwenye baiskeli. Nilikuwa nimewaambia wabebe taratibu, lakini bati thelathini na mbili hazitoki ndani ya nyumba kimya kimya.

"Mayu Holo!" Masanja alipaza sauti, bati likiwa kichwani. "Kumbe hapa ni duka la vifaa vya ujenzi, na sisi tunakwenda kununua mjini!"

"Beba, mdomo wako uache kazi."

"Na pazia lile nililisifia juzijuzi tu! Nikasema Mayu Holo amekuwa wa kisasa."

"Mayu, kwani unajenga?" mmoja wa wale akina mama aliuliza.

"Sijengi."

Yalipangwa uani, kwenye jua, mbali na ukuta. Mayu Holo akatandika gunia juu ya rundo, akaketi juu yake, akafungua mwavuli. Nikamwambia jua la saa saba juu ya bati si mchezo, akae kivulini. Akaniambia kivuli hakilindi bati. Masanja akarudi kuwasha mashine, kwa sababu foleni ilikuwa inamngoja na unga haujui mtihani. Nikaingia ndani, nikamwambia Minza afunge mlango, nikatoka, nikampigia video. Picha ikaja safi. Nikakata, nikamwachia chumba.

Saa nane kamili mtihani ulianza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na Mayu Holo, sina kifaa cha kushika. Mashine ilikuwa inanguruma, lakini kupitia dirisha la Minza tulisikia sauti yake vipande vipande, imenyooka, bila kurudiarudia "mnanisikia?". Watu wa foleni walikuwa wanatutazama, mama kizee ameketi juu ya mabati na mwavuli, fundi wa serikali kwenye ndoo. Hakuna aliyecheka sana.

Baada ya nusu saa sauti ilinyamaza. Nilihesabu. Nilipofika ishirini nilianza kuinuka. Mayu Holo akanishika mkono.

"Anafikiri," alisema. "Ndivyo anavyofikiri. Kaa."

Nilipofika thelathini na moja sauti ikaanza tena, ikaenda, na ndani yake tukasikia kicheko kifupi. Nikakaa.

Minza alitoka saa tisa kasoro, shati la kazi juu, kanga chini, laptop imefunikwa kifuani.

"Nimepita, mayu. Wamesema nifanye marekebisho madogo."

"Marekebisho ya nini?"

"Ya maandishi tu. Nukta na koma."

"Hayo yanahitaji bati zikae nje?"

"Hayahitaji."

"Basi zirudisheni ndani."

Masanja alikuwa amesogea na unga kwenye kope. "Lakini mayu, sisi wote tumeshaziona. Sasa unamficha nani?"

Mayu Holo aliinuka taratibu, akakung'uta gunia, akafunga mwavuli. Alimtazama Masanja kana kwamba ameulizwa jambo la kipuuzi.

"Mmeona nini? Mimi sina bati. Nina mkwe."

Kesho yake ofisini nilifungua daftari la saba, nikalikata lile neno "Mtumiaji" kwa wino mwekundu, na juu yake nikaandika "Fundi." Katika safu ya malalamiko niliongeza maneno ya Mayu Holo kama alivyoyasema, kwamba kimeanza kuumwa wiki ileile walipouza pamba. Ndiyo maneno yaliyokuwa na jibu lote, na ndiyo pekee ambayo sikuyaandika siku ya kwanza. Mzee Shija angekuwa hai angenirudisha kwenye kigoda.

Kwa hiyo, kwenye ule utaratibu niliouandika hapo juu, ongezeni mambo mawili kabla ya yote. Ulizeni imeanza lini na nini kimeingia ndani ya nyumba, na jibu mliandike hata kama linahusu pamba. Kisha pimeni kifaa kikiwa kama mwenyewe anavyokitumia. Adabu ya mlango wazi msiiache. Mwacheni mwenye chumba ajifungie mwenyewe, ninyi kaeni uani na simu mkononi.

Mvua za vuli zilipokaribia Mayu Holo alinipigia. Alisema neno moja, "Zimepanda," akakata simu kabla sijampongeza. Minza aliniambia baadaye kwamba kwa kuwa mabati yako juu, siku hizi anafunga mlango wa chuma na mtandao unapita ukutani kama zamani.

Nilipokabidhi ofisi nilipitia madaftari yote saba, nikahesabu ile "Mtumiaji" hadi nikaacha kuhesabu. Zipo ambazo nina hakika nazo. Nyingine sina, na wenye vifaa hivyo siwezi tena kuwapata niwaulize walikuwa wameuza nini wiki ile. Kalamu nyekundu nimewaachia. Iko droo ileile inayogoma, na wino bado umo.